Kondoo wa Mwaka Uliofuata Nzige

Katika Gitothua yote, mwanamke akisifiwa kwa kutokuwa na maneno mengi, alilinganishwa na Warigia, mke wa Zacharia. Wake waliogombana na waume zao waliambiwa, "Si umwangalie Warigia?" Wasichana waliokaribia kuolewa walitumwa kwake kuazima ungo, si kwa sababu kwao hakukuwa na ungo, bali wakajionee mtu anavyoweza kuazimisha kitu bila kufungua kinywa. Alikuwa mnene kiasi, mwenye mwanya na mikono ya kulima, na sauti yake watu wengi walikuwa hawajaisikia ikivuka "ee" ya kukubali na "aca" ya kukataa. Zacharia alikuwa mpakiaji mizigo kwenye stesheni ya Thika, akirudi nyumbani kila Jumamosi kwa baiskeli, na wenzake walimwonea wivu waziwazi. Wao walirudi kwenye kesi. Yeye alirudi kwenye chakula cha moto na kimya.

Mwaka huo wa hamsini na moja Gitothua haikuwa mji. Zilikuwa nyumba za nyasi zilizotawanyika mteremkoni, migomba, mto chini, na ng'ambo ya mto kahawa ya mzungu iliyopangwa mistari. Wageni walisifu utulivu wa mahali pale. Hawakujua kwamba nusu ya utulivu huo ilitokana na watu waliokuwa hawasalimiani. Nyanya Wamaitha, au Cucu kama wote walivyomwita, mama mkwe wa Warigia, alikuwa hajamsalimia jirani yake mzee Mburu tangu mwaka uliofuata ule wa nzige, yaani tangu Warigia alipokuwa bibi arusi, na sasa Warigia alikuwa na mtoto wa kiume anayenyoa ndevu. Sababu ilikuwa kondoo.

Habari ya kondoo, kama ilivyojulikana na wote, ni hii. Wamaitha alikuwa akinonesha kondoo dume ndani ya nyumba yake, kama ilivyokuwa desturi, kwenye kizizi kidogo karibu na kitanda. Alimlisha majani ya viazi vitamu kwa mkono wake mwenyewe hata mnyama akawa hawezi kusimama bila kufikiria kwanza. Siku moja akaenda soko la Thika, akamwachia bibi arusi nyumba. Aliporudi alimkuta kondoo amelala kwenye shamba la viazi, shingo imechanika, na juu yake amesimama mbwa wa Mburu, aliyeitwa Polisi, mdomo umejaa damu. Wazee wakakaa. Mburu akaapa kwamba Polisi ni mwizi wa nyama, hilo hakatai, lakini hajawahi kuua hata kuku mgonjwa. Hakuna aliyemsikiliza. Akalipa kondoo mwingine, akampeleka mbwa kwa shemeji yake Thika, na tangu hapo yeye na Wamaitha wakawa wanapishana njiani bila hata kukohoa. Kabla ya hapo Mburu ndiye aliyekuwa akimsagia Wamaitha ugoro. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao, na ugoro wa Mburu ulisifiwa mpaka Ruiru.

Habari ya kweli ni nyingine. Siku ile Warigia alikuwa ametembelewa na rafiki yake wa tangu utotoni kwao Juja, msichana mcheshi aliyeitwa Njambi. Kwa kucheka na kuimba, na kwa kutaka kuona kama kondoo mnene namna ile anaweza kushiba, walimpa kibuyu kizima cha mahindi makavu yaliyopondwa, kisha wakampa maji. Kondoo alikula kwa furaha kubwa. Halafu tumbo likaumuka, likaendelea kuumuka, naye akawatazama kama anayewauliza swali, akafa. Walimburuta mpaka shambani wakamchana shingo kwa panga. Walikuwa bado wanabishana kama asingiziwe chui au fisi, Polisi akatokea mwenyewe, akaanza kula, na nyuma ya Polisi akatokea Wamaitha na kikapu chake.

Warigia hakusema uongo hata neno moja, kwa kuwa hakuulizwa. Alinyamaza tu. Watu wakasema, tazama bibi arusi mwenye heshima, hachochei ugomvi. Kesho yake akaogopa kwamba akifungua kinywa kwa jambo lolote, hata la chumvi, kondoo atatoka pamoja na maneno hayo. Akanyamaza tena. Ikawa tabia, tabia ikawa sifa, na sifa, mkinipa ruhusa niseme, ni mzigo mbaya ukiwa umeipata kwa njia hiyo.

Basi mwaka huo, mvua ndefu zilipokwisha, kipande cha shamba kilichokuwa kitupu kati ya boma la Zacharia na la Mburu kikapata watu. Mwenyewe alikuwa amekufa bila mtoto, na mpwa wake Bedan akaja na mkewe kurithi. Bedan alikuwa amefanya kazi ya kufunga breki kwenye treni za mizigo, akizoea kumwita mtu wa behewa la mwisho akiwa yeye yuko la kwanza, na sauti hiyo hakuiacha relini. Tena alikuwa ameokoka. Waliookoka wa siku zile hawakuwa watu wa kuokoka kimyakimya. Waliamka kabla ya jogoo wakaimba, wakapiga makofi, wakakumbatiana, kisha mmoja akasimama kutoa dhambi zake mbele ya wote, akizitaja moja moja. Ndugu na dada wa imani walikuja kutoka Ruiru na Juja kuwasaidia kuimba. Na kwa vile Bedan aliwahurumia watu wa ng'ambo ya bonde ambao wangekosa kusikia, alikata debe la mafuta ya taa, akalikunja kuwa tarumbeta, na kila aliyeungama aliungamia ndani yake.

Asubuhi ya kwanza ng'ombe wa Mburu aliipiga teke ndoo ya maziwa. Kuku wa Wamaitha walipanda juu ya paa wakakataa kushuka. Mburu alitoka na blanketi begani, mzee mwembamba mwenye hasira za haraka, akasimama kwenye ua wake.

"Hii watu inalala saa ngapi?" akauliza. "Kwani Mungu yenu ni kiziwi?"

"Karibu, baba!" Bedan akamjibu kwa tarumbeta. "Njoo nuruni!"

"Nuru gani, na jua bado haijatoka!"

Warigia alikuwa mlangoni kwake na chungu cha maji mkononi, akicheka ndani kwa ndani kama wengine, mpaka tarumbeta ilipopewa mke wa Bedan.

"Mimi ni Magdalene," sauti ikasema, "lakini kabla ya ubatizo niliitwa Njambi, na nimezaliwa Juja. Dhambi zangu ni nyingi. Mume wangu amenifundisha kwamba mtu akipalilia haanzii katikati ya shamba. Kwa hivyo nitaanza tangu utotoni, nije hivyo hivyo, nisiruke."

Chungu kilivunjika. Zacharia alimwambia baadaye kwamba chungu kile kilikuwa na ufa tangu zamani, asijali.

Siku zilizofuata Magdalene akapalilia. Alitoa ndizi za nyanya yake. Alitoa namna alivyomsukuma dada yake mtoni akasema ameteleza. Alikuwa mama mnene sasa, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na alizitoa dhambi zake vizuri mno. Aliigiza sauti za watu. Alijua mahali pa kusimama ili watu wangoje. Mtaa mzima ulilaani kelele zile, na mtaa mzima ukapata kazi ya kufanya karibu na ua. Wanawake walileta njegere za kumenya. Wazee waligundua kwamba ua unahitaji kufungwa upya. Cucu Wamaitha alibebewa kigoda chake kila alfajiri, akakaa na kopo la ugoro mbaya wa sokoni, ule wa kukupigisha chafya bila kukupa raha yoyote.

"Amefika wapi?" aliuliza kila akikaa.

"Bado ni msichana wa kuchunga mbuzi, cucu."

"Haya. Bado kuna mambo."

Warigia alijua vizuri sana mambo yaliyobaki. Usiku alihesabu moyoni jinsi Njambi alivyokua: mbuzi, kisha kazi ya kukata katani Juja, kisha nzige, kisha harusi ya rafiki yake. Hakuogopa kupigwa, wala hakuogopa sana kurudishwa kwao. Aliogopa macho ya Mburu. Mzee yule hakumsalimia mtu mwingine wa boma lile, ila yeye tu, kila siku.

"Mke wa Zacharia," angemwambia wakikutana njia ya mtoni, "katika boma hiyo wewe peke yako ndiyo una akili. Sababu unanyamaza. Hao wengine walinyonga jina ya mbwa yangu."

Naye angejibu "ee", maji yakimwagika begani.

Akajaribu kuzuia mambo. Alikwenda kwa Magdalene na kikapu cha viazi vikuu, amekwisha kuyapanga maneno yote kichwani. Magdalene alimkumbatia, akamwita dada, akalia, akamketisha. Nyumba ilikuwa imejaa waimbaji. Warigia alifungua kinywa, na baada ya kimya cha miaka yote ile, kinywa hakikujua pa kuanzia. Akaaga. Mara ya pili alipeleka kuku, jike linalotaga, ambalo lilimuuma kuliacha. Alfajiri yake tarumbeta ikalia: "Namshukuru dada Warigia kwa kuku! Na naungama kwamba wageni walipofika niliwapa shingo na miguu, mapaja nikayaficha, nikayala peke yangu nyuma ya nyumba!"

"Kwa nini unampa yule kuku?" Wamaitha akamuuliza mkwe wake. "Mimi hunipi."

Tumaini lililobaki likawa Mburu. Mzee alikuwa ameapa kwamba watu wale watahama kabla ya mavuno, na ajabu yake ni kwamba Warigia aliomba afaulu, yeye ambaye ndiye aliyemdhulumu. Mburu alimleta hedimani wa eneo, msaidizi wa chifu, aliyekuja na kofia na fimbo kusikia makelele kwa masikio yake mwenyewe. Bahati mbaya alifika Magdalene akiwa amefika kwenye katani, akieleza walivyokuwa wakimwonyesha nyapara fungu lile lile mara mbili, wakilizungusha nyuma ya mgongo wake.

"Na hakujua?" hedimani akauliza akiwa nje ya ua.

"Alikuwa anasinzia, bwana mkubwa."

Hedimani akaketi. Alipoondoka alisema jambo hilo linahitaji uchunguzi zaidi, na kwamba angerudi kuendelea kuchunguza kesho.

Ndipo nzige wakafika. Walifika kwenye tarumbeta siku ya Ijumaa, wakala mimea yote ya Juja, na Jumamosi Magdalene akaiba unga wa msaada. Jumapili ilikuwa zamu ya mwaka uliofuata. Warigia hakula. Zacharia, aliyekuwa nyumbani, alimuuliza kama anaumwa, akajibiwa "aca", akaridhika kama kawaida yake.

Alfajiri hiyo watu walikuwa wengi. Wamaitha alikuwa kwenye kigoda. Upande wa pili wa ua Mburu alikuwa ameshika panga na kamba, akijifanya anafunga mti uliokwisha kufungwa wiki iliyopita. Waliimba. Walipiga makofi. Bedan akampa mkewe tarumbeta.

"Mwaka uliofuata nzige," Magdalene akasema, "rafiki yangu wa kupendwa aliolewa hapa hapa Gitothua. Nikaja kumtembelea."

Warigia alishika mti wa ua kwa mikono miwili.

Magdalene akatazama chini, akainua tena debe. "Tulikula vizuri. Nikarudi kwetu. Na mwezi ule ule, ndugu zangu, ndipo nikaanza kupika pombe."

Watu wakasogea mbele kwa pamoja, maana pombe waliingoja kwa hamu. Hakuna aliyeona kwamba kitu kimepita. Warigia alikuwa ameokoka, na si kwa maana ya Bedan. Angeweza kwenda kupika uji. Badala yake kitu kikampanda kutoka tumboni, na hakikuwa furaha. Ilikuwa hasira. Miaka yote ile amekaa na mnyama yule kifuani, amemeza kila neno tamu na kila neno chungu la ujana wake ili asimtapike, na huyu, mwenye kukumbuka ndizi za nyanya yake, anamruka kama kijito!

"Na kondoo?"

Watu waligeuka kumtafuta aliyesema. Wengine walimtazama Wamaitha, wengine wakamtazama mtoto wa jirani. Zacharia, aliyekuwa karibu, aliitambua sauti mwisho kabisa.

"Nasema, na kondoo?" Warigia alikuwa amepita katikati ya ua, miiba imemshika nguo na hajali. "Mbona unaruka kondoo, Njambi? Umetoa dhambi ya ndizi! Umetoa dhambi ya mapaja ya kuku yangu! Kondoo mzima utaruka, wewe?"

Bedan, kwa mazoea tu, akaona mtu anatoa dhambi, akamwekea tarumbeta mdomoni.

Hivyo bonde lote likasikia. Lilisikia habari za kibuyu cha mahindi, na maji, na tumbo, na kondoo alivyowatazama. Lilisikia habari za panga. "Polisi hakuua!" Warigia alilia ndani ya debe, machozi na kamasi vikitiririka. "Alikula, ndiyo, lakini alikuta amekufa! Mimi niliua, na nikanyamaza, na mkanisifu! Baba Mburu, kila siku ulinisalimia, na kila siku nilitaka kufa!" Ng'ambo ya mto, kwenye kahawa, mbwa wa mzungu walianza kubweka.

Kisha kukawa kimya, na ninyi mmekwisha kujua thamani ya kimya cha Gitothua, lakini hiki kilikuwa halisi. Wamaitha aliinuka polepole kwenye kigoda. Alimtazama mkwe wake. Akalitazama kopo lililo mkononi mwake.

"Ngai baba," akasema. "Kumbe takataka hii yote nimevuta kwa sababu ya tumbo la kondoo?"

Akalitupa kopo kwenye migomba.

Mburu alikuwa ameweka panga chini. Hakuna aliyejua kama atatukana au atalia. Alipita kwenye tundu lile lile la ua alilopitia Warigia, akamfikia, akanyoosha mkono. Warigia akafumba macho. Mzee akachukua tarumbeta.

"Sikieni!" akapiga kelele, yeye mwenye kuchukia kelele. "Watu ya Gitothua! Mbwa yangu Polisi alikufa Thika kwa shemeji, mzee, hana meno, na watu wakimwita muuaji! Hakuua! Mmesikia? Hakuua kitu!" Akageukia ng'ambo, akarudia kwa watu wa ng'ambo. Akageukia upande wa Thika, mbali kule, akarudia kwa Polisi. Waimbaji wakaitika amina. Hedimani, aliyekuja kuendelea na uchunguzi wake, alivua kofia.

Baadaye, watu walipokuwa wakinywa uji, Warigia alimvuta Magdalene kando.

"Ulisahau kweli?"

"Nisahau? Nimeota yule kondoo mpaka nikiwa nimeolewa." Magdalene alimfuta uso kwa kitambaa chake cheupe. "Lakini hiyo haikuwa yangu kuitoa. Mimi ningeitoa, wewe ungebaki nayo. Unafikiri ni kwa nini nilianza na ndizi za nyanya? Nilianzia mbali ili upate muda, dada. Nikaenda polepole mpaka mume wangu akachoka. Na wewe unaniletea kuku!"

Warigia akacheka, akashtuka kukisikia kicheko chake, maana ilikuwa sauti ya yule msichana wa Juja, na alidhani aliizika pamoja na kondoo.

Mburu alianza tena kusaga ugoro. Jioni yeye na Wamaitha walikaa kila mmoja upande wake wa ua, wakipitishiana kopo, wakipiga chafya za kuwaamsha kuku, na kati ya chafya wakigombana juu ya nani alitakiwa kumsalimia mwenzake kwanza. Warigia naye alikuwa na maneno ya miaka mingi, na yalitoka yote. Alisema na mumewe, na wanawake mtoni, na ng'ombe akimkama. Alisema kuanzia alfajiri, na alisimulia vizuri kuliko Magdalene. Zacharia aliwaambia wenzake wa stesheni kwamba baiskeli siku hizi inamchelewesha, kwa sababu anaiendesha mbio na bado anafika katikati ya habari.

Mvua fupi zilipoanza, Bedan alikuja bomani kwa Zacharia, kofia mkononi, amejaa aibu. Alisema ni jambo dogo tu, wala si ugomvi. Ila kwamba asubuhi wao husali, na kama dada Warigia angeweza kupunguza sauti kidogo, hasa wakati wa maombi ya kimya, wangeshukuru.

Warigia akamwambia aketi. Akamjazia kibuyu cha uji, akavuta kigoda chake karibu, akaanza kumweleza, tangu utotoni, kwa nini haiwezekani.